Mtoto anayemaliza hela yake siku moja

Sikukuu ya Idi viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja hujaa watoto wenye nguo mpya, kila mmoja na mkono wake wa Idi aliopewa na wajomba, mashangazi na majirani. Ikiingia usiku wengi wao hawana kitu. Hela imeishia kwenye mabembea, miwani ya plastiki, aiskrimu na chipsi. Bara mambo ni hayohayo wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Sikukuu ikishapita, wakubwa huanza maneno yao: watoto wa siku hizi hawana nidhamu ya fedha, hela haikai mkononi, ndiyo maana wakikua wanaishia kwenye mikopo ya simu.

Maneno hayo yana ukweli na nitaanza nao. Lakini nimeandika hasa kwa ajili ya upande wa pili, wa huyo mtoto anayemaliza hela yote siku moja, kwa sababu anahukumiwa bila kuulizwa amejifunza wapi.

Upande wa nidhamu una hoja nzito. Kijana wa leo akifikisha miaka 18 anatafuta namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), anasajili laini kwa alama za vidole, na hata kabla hajapata kibarua cha kwanza simu inaweza kumfungulia mlango wa mkopo. Baba yake alipotaka kukopa alilazimika kumtazama mtu usoni na kueleza shida yake. Kijana huyu hamtazami mtu. Nchini Kenya M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilianza Novemba 2012 ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka mzima ametoa asilimia 90 ya kile kiasi anachokizungusha. Fuliza ilipokuja Januari 2019 hata kuomba hakukuwa na haja tena, kwani ukilipia kitu na salio halitoshi, mkopo unajazia papo hapo. Kwetu Tanzania kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibandika jina la kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wengi tunajua zinavyofanya kazi. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa mkweo, kwa bosi wako, kwa mtu uliyesoma naye darasa la saba.

Mzazi anayesema, "Nataka mwanangu ajue kujinyima kabla siku hiyo haijafika," anaona mbali. Sheria zinasaidia, lakini hakuna sheria itakayokaa na kijana usiku wa manane simu inapomwambia umekubaliwa shilingi elfu hamsini. Na kweli, katika watu wawili wenye kipato kilekile, mtaa uleule, mmoja huwa na akiba na mwingine huwa na madeni. Tofauti hiyo ipo, na anayesema kila kitu ni kipato bado hajaieleza.

Wasiwasi wangu unaanza pale tunapouliza nidhamu hiyo inatoka wapi. Wengi tunadhani inatoka kwenye mawaidha: unamnunulia mtoto kibubu, unamwambia haba na haba hujaza kibaba, basi. Akishindwa, tunasema kaumbwa hivyo.

Kipimo kinachopendwa na wanaoshikilia hivyo ni cha Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto mdogo anawekewa peremende laini mezani, anaambiwa akingoja bila kuila ataongezewa ya pili, kisha anaachwa peke yake. Miaka mingi baadaye ikaonekana waliongoja walifanya vizuri zaidi shuleni, na dunia ikapokea somo kwamba mwenye kujizuia utotoni ndiye atakayefanikiwa. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia uchunguzi huo kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano waliouona kati ya kungoja na kufanya vizuri shuleni ulikuwa kama nusu tu ya ule wa mwanzo, na walipozingatia hali ya nyumba mtoto alikotoka, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Yaani sehemu kubwa ya kilichoitwa tabia ya mtoto kilikuwa ni nyumba ya mtoto.

Lakini uchunguzi ninaotaka tukae nao ni mwingine, mdogo sana, uliochapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano, wakawagawa makundi mawili ya watoto 14. Kabla ya kuletewa peremende, kila mtoto alikaa na mtu mzima akapewa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa: ngoja kidogo, naenda kukuletea nzuri zaidi. Kwa kundi moja yule mtu alirudi nazo kweli. Kwa kundi la pili alirudi mikono mitupu, akasema samahani, kumbe hatuna. Jambo hilohilo likarudiwa kwa stika. Baada ya hapo ndipo ikaja peremende na ahadi ya kuongezewa.

Watoto walioona ahadi zikitimizwa walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3. Katika kundi la kwanza, 9 kati ya 14 walivumilia mpaka mwisho, dakika 15 zote. Katika kundi la pili alivumilia mmoja.

Mmoja kati ya kumi na wanne. Nimeirudia namba hii kichwani mara nyingi kwa sababu ya kile ambacho hakikufanyika. Hakuna aliyewafundisha watoto hawa kuhusu akiba. Hakuna aliyewachapa wala kuwasifu. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hatuwezi kusema kundi moja lilikuwa la walafi na jingine la wenye subira. Kilichowatenganisha ni dakika chache walizokaa na mtu mzima mmoja, wasiyemfahamu, aliyevunja ahadi mbili ndogo, moja ya kalamu na moja ya stika. Watoto 28 ni wachache, nakubali, na peremende si fedha. Lakini kama ahadi mbili za mgeni zinapunguza subira ya mtoto kutoka dakika 12 hadi 3, tujiulize ahadi za miaka kumi zinafanya nini zinapovunjwa na mama mzazi.

Turudi nyumbani sasa. Mtoto anarudi na elfu kumi na mbili za sikukuu. Mama anasema, lete nikuwekee, usije ukazipoteza. Mtoto anatoa. Wiki ya tatu anauliza, anaambiwa zipo. Mwezi wa pili anauliza tena, na hapo linakuja jibu ambalo watoto wengi wa kwetu wanalijua kwa moyo: "Hela gani? Chakula unachokula humu ndani unalipia? Na hiyo nguo uliyovaa nani kanunua?" Mtoto ananyamaza. Sikukuu inayofuata, elfu kumi na mbili nyingine ikiingia mkononi, anazimaliza zote kabla hajafika nyumbani, na sisi tunasema hana nidhamu.

Mimi naona amefanya hesabu yake vizuri. Hela iliyoliwa ni yake, na hela iliyowekwa haikuwa yake. Alifundishwa jambo na amelishika.

Nisieleweke vibaya kuhusu mama huyu, kwa maana naye anahukumiwa haraka mno. Januari inajulikana. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havikwenda na ada. Kibubu cha mbao, cha kile kinachogongwa misumari pande zote, mara nyingi ndicho chombo pekee chumbani chenye kitu ndani. Usiku watoto wamelala, mama anaingiza kisu kwenye tundu, anakipindua kibubu, anakitikisa polepole ili sarafu zisipige kelele, na noti inateleza juu ya ubapa wa kisu mpaka ncha yake inaonekana. Anachukua elfu nane ya dawa ya kifua ya yule mdogo. Nani atamwambia amekosea? Kumwacha mtoto mmoja akikohoa usiku kucha kwa sababu hela ni ya mwenzake kungekuwa ukatili, tena ukatili unaojificha nyuma ya neno nidhamu. Katika nyumba ya kipato cha siku kwa siku, akiba yoyote iliyomo ni akiba ya nyumba.

Tena kibubu chenyewe si cha kudharauliwa. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, wakawapa watu wazima visanduku vya chuma vyenye kufuli na ufunguo ili waweke hela za matumizi ya afya. Kuwa na mahali salama tu pa kuweka kulitosha kuongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Wale watu hawakuongezewa kipato. Walichopata ni pa kuiweka hela, mbali na mikono na maombi ya kila siku: binamu anayepita, jirani mwenye msiba, mume mwenye kiu. Kama sanduku lenye kufuli linamsaidia hivyo mtu mzima anayeweza kujisemea, basi mtoto, ambaye ni wa mwisho nyumbani kuwa na sauti, analihitaji zaidi. Na anayeshika kisu ndiye huyohuyo aliyemnunulia kibubu.

Kosa ninaloliona liko kwenye ukimya. Mama angeweza kumwambia asubuhi, "Jana nimechukua elfu nane kwenye kibubu chako, nimemnunulia mdogo wako dawa. Nakudai? Hapana, wewe ndiye unanidai mimi." Mtoto wa miaka minane anayaelewa maneno hayo yote. Ataumia kidogo, pengine atalia, lakini hajaibiwa. Amekopesha. Amejua pia kwamba hela yake ina uzito mpaka imemsaidia ndugu yake kulala usiku. Hakuna semina ya fedha itakayompa somo hilo.

Wapo watakaosema mali ya mtoto ni ya mzazi, hakuna cha kukopa wala kulipa. Kwa Waislamu hutajwa hadithi ya Mtume, kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake. Ni hoja ya kuheshimiwa, ila wanazuoni wengi hawakuichukua kama ruhusa isiyo na mipaka. Waliifungamanisha na haja ya mzazi na kutomdhuru mtoto. Nami huona tunairukia hadithi hiyo na kuipita aya ya sita ya Suratun-Nisaa, iliyoshuka kwa ajili ya mayatima lakini yenye mafunzo kwa kila anayeshika hela ya mtoto. Inaamuru mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wakabidhiwe mali yao. Inamkataza mlezi kuila mali hiyo mbiombio kabla hawajakua. Inamruhusu mlezi fukara ale kwa kadiri ya wema, na tajiri ajizuie. Na siku ya kukabidhi inataka mashahidi. Tazama yote yaliyomo humo: mtoto anafanyiwa majaribio, dhiki ya mlezi inatambuliwa, na hesabu inafungwa mbele ya watu. Hayo ni malezi ya fedha yaliyokamilika, na pwani yetu imeyasoma katika vyuo vya Kurani kwa karne nyingi.

Kwenye hilo la kujaribiwa nina ushahidi mwingine, wa Uganda. Dean Karlan na Leigh Linden walifuatilia mpango wa akiba katika shule za msingi 136, ambako watoto waliweka vijisenti vyao kwenye sanduku la shule hadi mwisho wa muhula. Shule nyingine ziliwarudishia watoto fedha taslimu mkononi. Nyingine ziliwapa hati ya kununulia vifaa vya shule tu, ili zisiishie kwenye pipi. Mtu yeyote mwenye busara ya kawaida angesema hizi za pili zitashinda. Haikuwa hivyo. Watoto waliojua watarudishiwa fedha yenyewe waliweka zaidi. Na pale ambapo wazazi nao waliitwa wakashirikishwa, watoto wa kundi hilo la fedha taslimu walinunua vifaa vingi zaidi vya shule na alama zao zikapanda. Mtoto aliyeaminiwa na hela yake mwenyewe aliweka zaidi kuliko aliyebanwa.

Sasa nikiri hoja inayonipa shida, kwa sababu inatoka Afrika na inausaidia upande wa ukali. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo kilekile cha Mischel kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na watoto wa wakulima wa kabila la Nso, kaskazini-magharibi mwa Kameruni. Wanso waliwekewa kitumbua chao cha unga wa ngano wanachokipenda. Karibu asilimia 70 yao walingoja. Kwa Wajerumani walikuwa kama asilimia 28. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na malezi: mtoto wa Kinso hulelewa kutii wakubwa tangu akiwa mchanga, na mama haruhusu kudeka. Wanaoamini fimbo wanaweza kufurahi, na siwezi kuwaambia matokeo hayo hayapo.

Mimi nayasoma hivi. Utii hufanya kazi pale mkubwa anayetiiwa anapoaminika. Katika nyumba ambamo neno la mkubwa ni amri, mtoto akiambiwa cha pili kinakuja hana sababu ya kutilia shaka. Sisi wa mijini tumebaki na amri, na neno limeanza kutuponyoka. Tunataka mtoto atii kama wa kijijini, huku tukimtuma dukani kwa Mangi aseme mama atalipa jioni, na jioni hiyo haifiki. Mwenye deni akibisha hodi, mtoto huyohuyo ndiye anayepelekwa mlangoni: "Mwambie sipo." Amesimama pale, miaka saba, anamtazama mtu mzima usoni na kumdanganya juu ya deni, na nyuma ya pazia mama anasikiliza kama amesema vizuri.

Hapo ndipo linapoanguka pingamizi kwamba mtoto asihusishwe na shida za nyumbani, aachwe awe mtoto. Naliheshimu, na kweli kuna mambo ya kumkinga, kama ugomvi wa baba na mama usiku juu ya kodi ya nyumba. Lakini mtoto wa nyumba isiyo na kitu amehusishwa siku nyingi. Ndiye anayebeba madeni yetu kwenye ulimi wake. Anachonyimwa ni maelezo tu.

Mtu wa kipato kisichotabirika ataniuliza atamwahidije mtoto tarehe ya kumlipa ilhali mwenyewe hajui kesho ataingiza nini. Asiahidi tarehe. Aandike. Daftari la shule lililobaki kurasa chache linatosha: hela iliyoingia, iliyotoka, nani kachukua, kwa kazi gani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kwa wafanyabiashara, lakini hakuna mfanyabiashara anayehitaji daftari kuliko mtoto ambaye kumbukumbu yake haiaminiwi na mtu. Mama akipata mia tano anaandika mia tano. Mwezi akikosa anasema mwezi huu sina, na mtoto anayaona kwa macho yake maana ya deni: kitu kinachokaa pale kwenye karatasi, hakisahauliki, na kinapungua kidogo kidogo kwa jasho la mtu. Kijana aliyekulia kwenye daftari hilo atakapoulizwa na simu kama anataka elfu hamsini, atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Na fungu fulani aachiwe alitumie apendavyo, akosee. Anunue miwani ya plastiki ivunjike siku ileile. Kosa la shilingi elfu mbili akiwa na miaka tisa ni rahisi kuliko la laki mbili akiwa na ishirini, na halimpotezei mtu kazi wala ndoa.

Benki nazo zimeshaingia kwenye jambo hili. CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana akaunti zao za watoto, Kenya Safaricom wana M-PESA Go ya wenye miaka 10 hadi 17 chini ya usimamizi wa mzazi. Ni hatua nzuri, maana zinamfanya mtoto ajione ni mtu mwenye hesabu yake. Lakini akaunti ya mtoto mdogo hufunguliwa na mzazi, husainiwa na mzazi, na mzazi ndiye anayetoa. Kwa jinsi hiyo inaweza kuwa kibubu kilekile, na kisu kilekile. Ningependa benki iweke utaratibu mdogo ambao hauigharimu kitu: mtoto akishafikisha miaka kumi, kila mzazi anapotoa fedha kwenye akaunti yake itoke risiti ya pili yenye jina la mtoto, iliyoandikwa kiasi kilichotolewa, kilichobaki na sababu aliyoitaja mzazi, na akabidhiwe mtoto mwenyewe.